Fundi wa Tovuti Anajibu: React au Vue, pesa zilizokatwa bila oda, na mikutano ya usiku wa manane

Barua za mwezi huu zimetoka Kakamega, Kisumu, Nakuru na Bungoma. Nimezifupisha na majina ya waandishi nimeyaacha.

*Dada, hujambo. Nilimaliza chuo hapa Kakamega mwaka jana, na tangu hapo najifunza kutengeneza tovuti nikiwa nyumbani Lurambi. Nilianza na Angular, moja ya fremuweki, yaani mifupa ya tayari ya kujengea tovuti, rafiki akaniambia soko ni la React. Nilipoanza kuizoea React nikasikia Vue ni nyepesi zaidi, kisha wengine wakasifu Svelte. Sasa nina kozi nne nusu nusu na sina hata kitu kimoja cha kumwonyesha mwajiri. Baba huniuliza kila jioni hiyo kompyuta inaleta nini. Nichague ipi nisipoteze muda tena? — Msomaji, Kakamega*

Mdogo wangu, chagua React na ukae nayo mwaka mzima. Vue na Svelte ni kazi safi, sina neno nazo. Ila matangazo ya kazi ninayoyaona, ya Nairobi na ya nje, huitaja React mara nyingi kuliko zote, na wewe unahitaji mshahara wa kwanza. Hapo nimejibu ulichouliza. Sasa niruhusu niseme lile lililonigusa zaidi katika barua yako.

Tazama mambo yalivyokwenda. Brendan Eich aliiandika JavaScript, lugha ya programu ambayo fremuweki hizo zote zimejengwa juu yake, mwaka 1995 akiwa kampuni ya kivinjari ya Netscape, kwa siku kumi tu. Mwaka 2006 ikaja jQuery, maktaba ya JavaScript, ikaenea kila mahali. AngularJS ikafuata 2010, React 2013, Vue 2014, Svelte 2016. Mwaka huo huo wa 2016 wenye Angular wakatoa toleo lililoandikwa upya kutoka msingi, na waliokuwa wamejenga mifumo yao kwa ile ya zamani wakabaki na kibarua cha kuihamisha ukurasa mmoja mmoja. Ilipofika mwisho wa 2021, msaada rasmi wa AngularJS ukakoma. Aliyekariri jina la fremuweki peke yake huanza upya kila upepo unapogeuka. Ilhali nakala ya ukurasa wa kwanza wa Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, wa mwaka 1991, ukiufungua leo kwenye simu yako unafunguka vizuri, kwa kuwa ni HTML, lugha ya kuandikia kurasa, inayosafirishwa kwa HTTP, kanuni ya kupeleka kurasa mtandaoni, na hivyo viwili viko palepale.

Kwa hiyo jifunze React pamoja na kile inachosimama juu yake. Mtu akibonyeza kiungo cha tovuti yako akiwa Mumias, simu huuliza kwanza jina lile ni la seva gani, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Kisha inafungua mawasiliano, inakubaliana na seva kuhusu ufunguo wa siri, ndipo HTML ianze kuja. Kila hatua ni kwenda na kurudi, na kama seva umeikodisha Ulaya, kwenda na kurudi huko kunapita chini ya bahari. Mwishowe inakuja JavaScript, na hiyo humgharimu mwenye simu mara mbili: bando la kuipakua, na nguvu za simu kuisoma na kuiendesha. Laptopu yako haiuhisi mzigo huo. Simu ya bei nafuu yenye RAM ya giga 2 inauhisi sana. Ukurasa umeshaonekana, mtu anabonyeza kitufe, kitufe hakijibu. Anabonyeza tena na tena, kisha anaondoka, na wewe hutajua kamwe kwamba alikuja.

Google wamependekeza kwamba kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Usikipime kipimo hicho kwa Wi-Fi ya chuo. Fungua zana za wasanidi ndani ya Chrome, nenda kwenye sehemu ya mtandao, punguza kasi ifike ya 3G, uone. Ukimaliza, omba simu ya mama yako, keti kando yake, umwache ajaze fomu yako bila kumwelekeza hata kwa kidole. Utaona kibodi ikikifunika kitufe cha kutuma. Utaona pale pa nambari ya simu pakifungua herufi badala ya tarakimu, jambo linalorekebishwa kwa kuandika type="tel" kwenye HTML. Utamwona akianza nambari yake kwa 07 kama anavyoiandika siku zote, na mfumo wako ukimkatalia kwa rangi nyekundu kwa sababu wewe ulitaka 254. Yeye hajakosea popote. Programu ndiyo inayopaswa kuibadilisha 07 iwe 254, kimyakimya, bila kumsumbua.

Cha kumwonyesha mwajiri? Jenga kitu kimoja, kikamilike, kitumiwe na watu. Mama yako au jirani yake hakosi kuwa kwenye chama cha mzunguko ambacho hesabu zake ziko kwenye daftari. Jenga hicho. Kina kila kitu ambacho mwajiri anatafuta: watu kuingia kwa nywila, majukumu tofauti ya mwenyekiti na mweka hazina, hifadhidata, ripoti. Na humo utakutana na mambo ambayo video hazikuonyeshi. Andika 0.1 + 0.2 kwenye kivinjari chako uone jibu: 0.30000000000000004. Ndiyo maana pesa huhifadhiwa kwa senti, namba kamili, bila nukta. Mchango ulioingizwa vibaya usifutwe. Uandikie ingizo jipya la kuurudisha, ili wanachama wakibishana mwezi wa kumi na mbili mweka hazina awafungulie historia nzima, kila badiliko na aliyelifanya. Na watu wawili wakifungua rekodi moja kwa wakati mmoja, wa pili asifute kazi ya wa kwanza bila yeyote kujua.

Mimi ninapoketi kwenye jopo la kuajiri, humwomba kijana anisimulie hitilafu moja aliyoihangaikia mpaka akaipata: aliona nini, alidhani nini, alithibitisha vipi. Aliyejenga chama cha mama yake ana hadithi tano za namna hiyo. Mwenye kozi nne nusu nusu hana hata moja. Programu za akili unde zitakuandikia fomu ile kwa sekunde chache, na uzitumie, lakini usiweke kwenye kazi yako mstari usioweza kuueleza mbele ya watu.

Na usiidharau PHP, lugha nyingine ya programu. WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti ulioandikwa kwa PHP, inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia. Mteja wako wa kwanza huenda akawa shule iliyo karibu nawe ambayo tovuti yake imekwama na fundi hashiki simu. Nenda uitengeneze, ulipwe. Baba anauliza kwa sababu anaona umeme na bando vikiisha na hajaona mavuno. Siku chama kitakapofunguka kwenye simu yake, mpe aingize mchango wa mama kwa mkono wake mwenyewe.

*Nimemtengenezea mteja mfumo wa kuagiza dawa kwa jumla hapa Kisumu. Malipo ni kwa M-Pesa. Kuna wateja wanaokatwa pesa lakini oda inabaki "inasubiri malipo". Wengine wakiona hivyo wanabonyeza tena wanakatwa mara mbili. Mwenye duka ameanza kuniangalia vibaya kana kwamba nakula pesa. Nimeupitia msimbo wote, kosa silioni. — Fundi wa Kondele*

Ndugu, kosa hulioni kwa sababu haliko kwenye mstari mmoja. Mfumo wako mzima umejengwa kwa kuamini kwamba jibu la Safaricom litafika kila mara, na hilo halijawahi kuwa kweli.

Unapotuma ombi la STK, lile linaloleta dirisha la PIN kwenye simu ya mteja, kupitia Daraja, mlango wa Safaricom kwa mifumo ya mafundi, jibu la papo hapo lina ResponseCode yenye sifuri. Mafundi wengi huisoma sifuri hiyo kuwa malipo yamefanyika. Inasema tu kwamba ombi lako limepokelewa. Mteja huenda hata dirisha la PIN hajaliona. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakitumwa kwenye anwani ya seva yako uliyoitaja katika ombi, na humo ndimo utakuta ResultCode. 0 amelipa. 1 salio halitoshi. 1032 ameghairi. 1037 simu haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Sasa chukulia stima imepotea na seva yako ni kompyuta iliyo chini ya meza ya duka. Au seva iko kwingine lakini ilikuwa ikiwashwa upya dakika ile ile. Pesa imeshahama, habari zake hazikupata mlango. Oda inasubiri mpaka kesho.

Mara tu ombi linapokubaliwa, hifadhi CheckoutRequestID, kitambulisho cha ombi hilo, pamoja na oda. Matokeo yasipofika baada ya dakika moja hivi, mfumo wenyewe uende kuuliza, kwani Daraja ina huduma ya kuulizia hali ya ombi kwa kutumia kitambulisho hicho. Uulize tena baada ya muda kidogo, na uendelee mpaka upate jibu la mwisho. Mteja akibonyeza "Lipa" mara ya pili, usitume ombi jipya kabla ya kuthibitisha hatima ya lile la kwanza. Hapo ndipo zinapotokea zile pesa za mara mbili. Nambari ya risiti ya M-Pesa iwekee sharti la upekee kwenye hifadhidata yenyewe, wala si kwenye msimbo peke yake, ili matokeo yakitumwa mara mbili yahesabiwe mara moja. Na seva ikipokea matokeo ijibu haraka kwamba imeyapata, ndipo ianze kazi ndefu ya kupunguza stoki na kutuma SMS.

Kuna hatari nyingine ambayo hukuitaja. Anwani inayopokea matokeo iko wazi mtandaoni. Mtu akiijua anaweza kuitumia ujumbe wa uongo kwamba amelipa, na dawa zikatoka. Kila matokeo yanayosema "amelipa" yalinganishe na oda na kiasi, kisha uulize Daraja kabla ya kuruhusu mzigo uondoke.

Maneno yaliyo kwenye skrini ni kazi yako pia, na naona wengi wanayapuuza. "Hitilafu 1037" haimwambii mtu lolote. Na usithubutu kuandika "pesa hazijakatwa" kabla hujajua. Andika hivi: "Bado hatujapata uthibitisho wa malipo yako. Kama umepokea SMS ya M-Pesa, usilipe tena. Andika hapa nambari ya risiti iliyo kwenye SMS." Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 watu wetu wameizoea ile SMS kuwa ndiyo risiti. Mwenye kiosk cha dawa aliyetoka Ahero, amesimama kaunta na SMS mkononi, akiambiwa na kompyuta kwamba hajalipa, anajiona anaibiwa mchana. Mfumo ukimtendea mtu hivyo mara moja, hatauamini tena, hata ukiutengeneza vipi.

Kwa mwenye duka, mtolee orodha kila jioni kabla hajafunga: oda zilizolipwa, nambari ya risiti ya kila moja, na zile zinazoning'inia. Ailinganishe yeye mwenyewe na taarifa ya Paybill yake, wewe ukiwa haupo. Zilizolipwa mara mbili ziwe kwenye ukurasa wa peke yake, na yeye ndiye aidhinishe kurudishwa. Usikubali kabisa kuwa na uwezo wa kugusa pesa zile, hata akikuomba kwa wema.

*Dada yangu, naishi Section 58 hapa Nakuru na nafanyia kazi kampuni ya California. Mkutano wa timu ni saa nane mchana kwao. Kwangu ni saa sita usiku, na kuanzia Novemba ukasogea hadi saa saba. Nina mtoto wa miaka mitatu. Mama mkwe amekuja kunisaidia, ananiona nimelala mchana, anamwambia mume wangu sina kazi. Mshahara ni mzuri, siwezi kuuacha. — Mama wa Nakuru*

Pole sana dada. Kusogea huko kwa saa moja ni kwa sababu wao hubadilisha saa zao msimu wa baridi na sisi hatubadilishi, kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi tofauti yenu ni saa kumi na moja badala ya kumi. Ukigeuza hesabu utaona njia: saa mbili asubuhi yao ni saa kumi na mbili jioni yako, au saa moja usiku katika miezi hiyo ya baridi. Asubuhi yao na jioni yako zina saa tatu nzima ambazo nyote mko macho. Waandikie meneja na timu, usilalamike, pendekeza: mkutano uwe ndani ya saa hizo, na kama haiwezekani kila wiki, basi wapokezane; wiki moja wewe ukeshe, wiki nyingine wao waamke mapema. Mara nyingi hawana ubaya. Kalenda huwaonyesha saa yao tu, na hakuna aliyewaambia kwamba kuna mtu anayeketi gizani na vipokea sauti masikioni akiogopa kumwamsha mtoto. Omba pia kwamba maamuzi yaandikwe kwenye waraka wa timu. Hilo litawafaa hata wao, kwa sababu yanayosemwa kwa mdomo kwenye mkutano husahauliwa hata na waliokuwepo.

Kama kuna zamu ya kuitwa usiku mfumo ukianguka, iandikwe: zamu ni ya wiki ngapi, inalipwa vipi, na aliyeamshwa usiku haanzi kazi kabla ya mchana unaofuata. Kila hitilafu iliyowahi kukuamsha iandikie maelekezo ya hatua kwa hatua, ili mwenzako wa California aweze kuitatua mchana wake bila kukupigia. Sehemu kubwa ya simu za usiku hupungua kwa kazi hiyo tu.

Halafu soma mkataba wako leo. Ukiwa mwajiriwa chini ya sheria za Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Ukiwa umeandikwa kama mkandarasi wa kujitegemea, huna likizo hiyo, huna ya uzazi, na kodi unaihesabu na kuilipa mwenyewe. Mshahara unaouona mzuri ugawe upya ukiyahesabu hayo, kisha utakapojadiliana nao ujue unaongea kuhusu kiasi gani hasa.

Kuhusu mama mkwe, mumeo ndiye aanze kuzungumza, si wewe. Muuguzi wa zamu ya usiku akirudi nyumbani asubuhi hulala na hakuna anayemwita mvivu. Mama anaijua kazi ya muuguzi, yako hajaiona. Jioni moja mkaribishe aketi nawe mkutano ukianza, aone nyuso za watu na akusikie ukiulizwa na kujibu. Kisha mkubaliane saa za usingizi wako ambazo mlango haugongwi, na wewe umpe saa zako za kuwa na mtoto ambazo laptopu imefungwa kabisa.

*Nina duka la pembejeo karibu na Kanduyi. Nilimlipa kijana akanitengenezea tovuti yenye kuchukua oda za mbegu na mbolea. Sasa simu yake haipatikani, tovuti imezimika, na naambiwa hata jina la tovuti limeandikishwa kwake. Nimepoteza kila kitu? — Mfanyabiashara, Bungoma*

Hapana mzee wangu, hujapoteza. Majina yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC na kuuzwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Kwenye tovuti ya KeNIC kuna mahali pa kutafutia WHOIS, yaani rekodi za majina yaliyosajiliwa. Ukiandika jina lako utaona msajili ni nani na muda unaisha lini. Mara nyingine tovuti imezimika kwa sababu ada ya mwaka haikulipwa, basi. Mwandikie msajili huyo, uambatishe cheti cha usajili wa biashara, SMS za M-Pesa ulizomlipa kijana, na mazungumzo yenu ya WhatsApp, uombe jina lihamishiwe kwako. Msajili akikwama, KeNIC ina utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina. Na kuhusu msimbo wenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa haki aliyeiagiza kazi, isipokuwa kama mliandikiana vinginevyo.

Nanyi mafundi mnaosoma hapa: kusajili jina la mteja kwa barua pepe yako mwenyewe ni dhuluma, hata kama hukukusudia. Sajili kwa barua pepe yake, mwandikie nywila kwenye karatasi, mfundishe kulipia ada ya mwaka.

Mzee, ndani ya mfumo huo mna nambari za simu za wakulima wako. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe mwenye duka ndiye unayewajibika kwazo, hata kama aliyezihifadhi ni kijana. Kwa hiyo fundi mpya akifika, asianze na rangi wala picha za mbegu. Aanze kwa kubadilisha kila nywila, ya seva, ya hifadhidata na ya barua pepe, na kuiondoa akaunti ya yule wa zamani, wewe ukiwa umeketi hapo unaona.